Mkoromo wa Nyumba Yetu

Kilema,
Moshi.
16 Mei 2004

Mpendwa shemeji yangu Fabian,

Pokea salamu za nyumba nzima kutoka huku mlimani. Shikamoo yako naipokea hata kabla hujaitoa, kwa sababu nakujua, ungeanza na utani kwamba mke wa kaka anadai heshima kuliko padri. U mzima? Kichwa hakikuumi asubuhi ukiamka? Nakuuliza nikitaka jibu, siyo kwa kujaza mstari, na ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini.

Sisi tunaendelea. Mama yenu Magdalena anasumbuliwa na magoti kwa ajili ya baridi, lakini ulimi wake hauna ugonjwa wowote. Hilda wako na watoto ni wazima, nimewaona leo baada ya misa. Masika ya mwaka huu ni makali. Mgomba ule mkubwa wa karibu na banda umeanguka na mkungu wake, na njia ya kushukia barabarani ni utelezi mtupu. Kahawa imebeba. Ng'ombe amezaa jike, tukashukuru, maana mara mbili zilizopita alituletea madume.

Hizo ndizo habari njema, na zimekwisha. Shemeji, naandika nikiwa na hofu. Kaka yako Filbert huacha kupumua anapolala. Sisemi kwa mafumbo. Pumzi inasimama kabisa, halafu inarudi. Tumempima hapa hapa nyumbani, usiku kucha, kwa mashine ya hospitali, na imeonekana. Na kwa yale niliyoyasikia baada ya hapo, naamini na wewe unao ugonjwa huo huo, huko Liwale unakolala peke yako. Nitakueleza yote kwa utaratibu, nikiweza.

Unakumbuka tulivyokuwa tukilichekea jambo hili. Wiki ile nilipoolewa sikupata usingizi hata kidogo, na asubuhi moja nikamwambia mama yenu kwamba mwanawe ananguruma kama mashine ya kukoboa. Nilidhani atanionea huruma. Yeye akapiga makofi. "Huyo ni mtoto wa meku, mzee wangu, kweli," akasema, "baba yake akikoroma, ng'ombe huacha kucheua wakimsikiliza." Tangu hapo na mimi nikajifunza kujivuna. Si unajua kwenye misiba, wanaume wa ukoo wenu wakilala pamoja, asubuhi hulinganisha nani kakoroma zaidi, na aliyeshinda anapewa kata ya kwanza ya pombe ya ndizi? Tulidhani ni dalili ya mtu aliyeshiba na mwenye kifua.

Ila kuna kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu. Katikati ya ule mkoromo huja kimya. Kelele nilizizoea mapema, kilichokuwa kinanishtua ni kimya. Nikisikia kimezidi, nampiga kiwiko ubavuni, anakohoa, anageuka, tunaendelea kulala. Miaka yote hii kiwiko changu kimefanya kazi hiyo hata mimi nikiwa nusu usingizini. Nilidhani kila mke hufanya hivyo kwa mumewe.

Mwaka huu akaanza kulala mchana. Alilala kwenye mahubiri, akakoroma, padri akanyamaza mpaka watu wakamwamsha. Tulicheka wiki nzima. Alilala kwenye matanga ya mjomba wenu akiwa na kata ya mbege mkononi, ikamwagika yote mapajani, na hapo pia tulicheka. Kisha mwezi wa tatu akasinzia kwenye usukani wa Fuso, amebeba ndizi za watu, kwenye mteremko wa kwenda Himo. Gari likaacha barabara, likaingia kwenye kahawa, likazuiwa na mti wa mringaringa. Aliumia kifua tu. Mwenyewe alisema ni uchovu. Siku hiyo mimi sikucheka.

Tulikwenda hospitali mjini kwa ajili ya kifua, siyo kwa usingizi. Lakini daktari aliyetupokea, mwanamke anayeitwa Elifuraha, akauliza gari liliachaje barabara. Filbert akasema alipitiwa. Daktari akanigeukia mimi, akauliza kama huwa analala vizuri usiku. Nikasema analala sana, anakoroma vizuri, na akinyamaza mimi humwamsha. Nilisema hilo la mwisho kama mtu anayetaja kazi ndogo ya nyumbani. Daktari akavuta kiti akakaa, akaanza kuniuliza habari za kile kimya.

Huyo daktari ni mtu wa Machame, na unajua kaka yako anavyoshindana na watu wa Machame, wa upande ule wa pili wa mlima. Akanong'ona, akidhani hasikiki, "Sasa Mmachame anataka kujua mambo ya kitanda changu." Yule mama akamjibu bila kuinua macho, "Nataka kujua mambo ya pumzi yako, baba. Kitanda baki nacho." Nilimpenda hapo hapo, nakuambia ukweli.

Akatueleza kwamba hospitalini hawana chumba cha kumlaza mtu ili kumtazama tu anavyolala, na hata wangekuwa nacho, mtu hawezi kulala wodini kama anavyolala kwake. Alikuwa na mashine ndogo aliyorudi nayo kutoka masomoni ng'ambo, mgonjwa anafungwa nayo nyumbani. Ni kiboksi cha kufunga kifuani kwa mkanda. Kuna mrija mwembamba unaowekwa puani kusikiliza pumzi, na kibanio cha kidole chenye kitaa chekundu cha kupima hewa iliyomo kwenye damu. Akanifundisha mimi namna ya kumfunga, akanionya kwa kidole kwamba siku hiyo asiguse pombe, alale kama siku zote.

Usiku wa kwanza uliharibika, na aliyeuharibu ni mama yenu. Aliniuliza kile kiboksi ni cha nini, nami kwa haraka nikamwambia kimekuja kusikiliza Filbert anavyokoroma. Yeye akaelewa kwamba hospitali inataka kuhakikisha kama kweli nyumba hii inakoroma. Sasa nikiwa bandani nakamua, akamwita mwanawe kwake, akamlisha kiburu cha ndizi na maharage, na nyama juu yake, akamjazia mbege kata baada ya kata. Nilipomkuta na kumgombeza akanishangaa. "Nataka akorome sawasawa, Mama Theodora. Wasije wakasema Machame kwamba mtoto wa meku anapumua kama kifaranga." Filbert akaja kitandani anayumba. Nilimfunga vile vitu, na kabla hakujapambazuka alikuwa amejivua vyote. Kile kibanio nilikikuta ndani ya kiatu chake.

Nikarudi mjini na mashine isiyo na kitu. Daktari hakukasirika, aliposikia habari ya kifaranga alicheka mpaka akafuta macho. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuniuliza mara ya kwanza: kile kimya kikija, mimi nafanya nini hasa? Nikamwonyesha kiwiko. Akaacha kucheka. Akasema, "Mkirudia leo, mama, usimguse."

Nikamwuliza, asipoanza tena? Akanieleza kwa upole kwamba mwili wenyewe humshtua, ndivyo ulivyofanya hata akiwa safarini na mimi sipo, na kwamba nikimwamsha mimi, mashine haitaona ukubwa wa tatizo na yeye hataweza kumsaidia. Nilitikisa kichwa kukubali. Njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa najiuliza nimekubali kitu gani.

Shemeji, sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ya kumzaa Theodora akiwa amekaa vibaya tumboni. Filbert alipitiwa mara tu alipoweka kichwa. Kile kitaa kikawa chekundu juu ya blanketi. Akaanza kukoroma, nikashukuru. Kisha kikaja kimya. Kifua nilikiona kinahangaika, kinavuta, lakini puani hakuna kitu. Niliweka kiganja karibu na pua yake bila kumgusa, sikusikia joto. Mikono yote miwili nikaikalia, nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo, nikaimaliza, nikaanza nyingine. Nilipofika kwenye saa ya kufa kwetu nikashindwa kuendelea. Ndipo akavuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa majini, mwili mzima ukaruka, akaendelea kulala. Hakujua lolote. Baada ya muda mfupi ikawa hivyo tena, na tena, mpaka nikaacha kujua ni mara ya ngapi.

Nilijua ninaweza kuwa mjane nikiwa nimekaa namtazama, kwa sababu ya kutii. Nilimkasirikia daktari. Nilimkasirikia na Filbert mwenyewe, kwamba anawezaje kulala. Mara mbili niliinua kiwiko, mara mbili nikakishusha. Kulipokucha aliamka, akajinyoosha, akaniambia, "Leo nimelala vizuri. Hukunisumbua na kiwiko chako." Nilimvua mashine, nikaenda migombani kukata majani ya ng'ombe, nikalia huko ambako hakuna mtu wa kuniuliza.

Majibu tulikwenda kuyasikiliza watatu, maana mama yenu alikataa kubaki. Daktari akatuonyesha mchoro, mistari inayopanda na kushuka, na sehemu ambazo mstari umelala chini kabisa. Hizo ndizo pumzi zilipokuwa hazipo. Alisema kwa saa moja zilisimama zaidi ya mara arobaini. Koo lake linalegea akilala, likajifunga lenyewe, hewa ya damuni ikashuka, moyo ukafanya kazi ya watu wawili. Ndiyo sababu anaamka amechoka na kulala kwenye usukani. Filbert aliitazama ile mistari muda mrefu. Akauliza, "Na mimi nilikuwa wapi?"

Kisha daktari akauliza habari za baba yenu. Mama akamwambia kwamba meku hakuugua, alilala tu, tukamkuta asubuhi amekwenda. Wewe ulikuwa shuleni, ulifika siku ya maziko, lakini unakumbuka watu walivyosema. Kila aliyekuja kutupa pole alitupongeza pia, kwamba mzee amepata kifo cha heri, kifo cha usingizini. Tulimshukuru Mungu kwa kifo kile, Fabian. Tuliagiza na misa ya shukrani. Daktari hakusema baba alikufa kwa ugonjwa huu, alisema hakuna wa kujua sasa. Lakini aliuliza kama Filbert ana ndugu wa kiume, nikasema anaye mmoja, mdogo wake. Akauliza kama naye anakoroma. Kabla sijafungua kinywa, mama yenu akajibu kwa fahari, "Huyo ndiye anakoroma kuliko wote."

Daktari akaweka kalamu mezani. Akauliza huyo ndugu analala na nani.

Tukarudi nyumbani. Jioni nilimpelekea mama uji, nikamkuta amekaa gizani hajawasha taa. Akaniuliza, "Mama Theodora, sasa miaka ile yote mimi nilikuwa nasikiliza nini?" Nikamwambia hakuna aliyejua. Akasema ndiyo, lakini yeye alikuwa akisikiliza huku anafurahi. Sijamwona hivyo tangu niingie katika nyumba yake.

Kesho yake nikachukua simu ya Filbert, nikapiga ile namba ya ofisi ya chama chenu cha ushirika huko Liwale. Iliita sana. Akapokea kijana fulani, sauti ikija na kupotea, nikamwambia nataka kuongea na Fabian, mtunza ghala. Akasema, "Fabian amelala." Shemeji, hilo neno lilivyoniingia nikakaa chini pale pale uani. Wewe unajua huku kwetu tukisema mtu amelala, mara nyingine tuna maana gani. Nikamwuliza amelala vipi? Akaanza kucheka. "Amelala juu ya magunia, mama. Huyu bwana hulala popote, hata akihesabu korosho." Nikapiga kelele wakuamshe, wakuamshe sasa hivi, lakini simu ilikuwa imeshakatika. Tangu siku hiyo haiiti kabisa, wanasema nguzo zimeanguka kwa mvua.

Kwa hiyo najua mambo mawili. Najua siku ile ulikuwa hai, na najua unalala mchana kama alivyokuwa akilala kaka yako kabla ya kuingia kwenye kahawa ya watu.

Nilimwendea Hilda nikamweleza. Akaniambia kwamba Desemba iliyopita, siku zote ulizokuwa hapa, alihamia chumba cha watoto kwa ajili ya mkoromo wako. "Nilijua ni mbege za sikukuu, dada," akasema, "nikasema nimwache mwenzangu apumzike." Analia tangu juzi. Hakutaka kukuandikia mwenyewe kwa sababu kila akikuandikia urudi, wewe unafikiri anakulaumu kwa kumwacha peke yake na kihamba, shamba zima la nyumbani. Akasema wewe utanisoma mimi. Basi nisome.

Filbert haendeshi tena mpaka daktari atakaporuhusu. Fuso imesimama chini ya migomba na yeye anaizunguka kila asubuhi kama mtu aliyefiwa. Ipo mashine nyingine ya kumpulizia hewa usiku kwa kinyago, ili koo lisijifunge, na daktari anaitafuta, amesema nchini hazijawa nyingi. Wakati tunangoja, halali chali. Nimemshonea gunzi la mahindi mgongoni mwa fulana, akigeukia chali linamchoma, anarudi ubavu. Pombe ya jioni ameacha, ananung'unika lakini ameacha. Na mimi nimerudishiwa ruhusa ya kiwiko.

Wewe fanya hayo hayo kuanzia siku unaposhika barua hii. Shona gunzi, au kama huko hakuna mahindi, shona hata kokwa kubwa. Usinywe jioni. Na umwombe mtu alale chumba kimoja na wewe, akuamshe ukinyamaza. Najua ni aibu mwanaume mzima kumwomba mwanaume mwenzake amsikilize akilala. Hiyo aibu imeze. Usiwaambie una ugonjwa kama hutaki, waambie unaogopa nyoka.

Lakini hayo ni ya siku chache tu. Mashine ya kukupima iko Moshi, na daktari amesema atakuwekea nafasi. Najua utasema utakuja Desemba. Watu wa mlima huu tumezoea kuweka kila kitu Desemba, harusi Desemba, komunyo ya kwanza Desemba, kugawana shamba Desemba, hata ugomvi tunautunza mpaka wote wawe nyumbani. Hili lisingojee. Nimehesabu siku zilizobaki mpaka Desemba nikaacha katikati, maana kila usiku nilikuwa nauona ulivyo, wewe peke yako kwenye kile chumba cha ghala, kimya kimekuja, na hakuna hata mtu wa kuinua kiwiko.

Barua hii nimeiandika mara mbili. Moja nimeitia posta, na nyingine nimempa dereva wa lori anayekwenda Nachingwea, kwa sababu wanasema masika barabara ya kwenu hufunga na sijui ipi itatangulia. Ukipata zote mbili usinicheke.

Najua pia nimevuka mpaka. Mke wa kaka hasemi habari za usingizi wa shemeji yake, wala hamtoi kazini mtu mzima kwa barua. Ndiyo maana humu ndani nimekuwekea jani la isale, nimelipiga fundo mwenyewe. Litafika limekauka, lakini isale ni isale, na wewe ni mtoto wa mlima huu, unajua aliyeletewa hilo hawezi kukataa radhi anayoombwa, hata awe amekosewa kiasi gani. Nisamehe, basi. Na ukishanisamehe, panda gari.

Filbert anakusalimu, amesema nisikuandikie kwamba ameogopa, kwa hiyo nakuandikia kwamba ameogopa. Hilda na watoto wanakusalimu. Theodora anasalimu kutoka bwenini, yeye hajui lolote bado. Mama anakusalimu sana, na kila jioni tukimaliza rozari anauliza kama simu ya Liwale imepona.

Wengine wakimaliza barua huombeana usingizi mwema. Mimi nakuombea Mungu akuamshe kesho, na keshokutwa, na kila asubuhi, mpaka tukuone unashuka kwenye basi pale Himo.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, ambaye silali kwa ajili yako,

Salvina